Kamera ya video inayorekodi kwenye diski ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kamera hizi ziliingia majumbani kwetu katika miaka ya 2000, nyingi zikiletwa na ndugu waliotoka Dubai, Muscat au Ulaya. Leo kamera imelala kabatini na diski zake zimo kwenye kopo la biskuti. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa tena na tena na jamaa, majirani na watu wanaoniletea diski zao nizihamishe. Kama unayo diski isiyofunguka popote, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Kufunga diski". Na tafadhali, usiitupe kamera kabla hujamaliza kusoma.

## Mambo ya msingi

Nitaijuaje kamera ya diski?

Itazame ubavuni. Ukiona kifuniko cha mviringo kinachofunguka kama kikopo cha poda, na ndani yake kigingi cha katikati cha kubana diski, ndiyo hiyo. Diski yenyewe ina kipenyo cha sentimita 8, wakati DVD ya filamu ina sentimita 12. Wengi huiita "CD ndogo", lakini ni DVD.

Hitachi ndio waliotangulia, mwaka 2000, na kamera yao ilitumia DVD-RAM. Sony walifuata mwaka 2003 na DCR-DVD100 pamoja na ndugu zake, Panasonic wakawa na mfululizo wa VDR, na Canon wakaleta DC10 na DC20 mwaka 2005. Wazo lilikuwa zuri: shughuli ikiisha unatoa diski, unaitia kwenye deki, na familia inatazama usiku uleule, bila kurudisha mkanda nyuma. Ila kabla ya kuitoa kuna hatua moja, kufunga diski, ambayo wauzaji wengi hawakuieleza, nayo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya maswali haya.

Diski zina herufi nyingi: -R, -RW, +RW, RAM, DL. Ninunue ipi?

Kwanza soma kamera yako inakubali zipi. Mara nyingi alama zake zimechapwa kwenye kifuniko. Kamera inayokubali -R si lazima ikubali +RW.

DVD-R huandikwa mara moja tu. Ulichorekodi hakifutiki, hata ukikosea. Kwa jambo lisilo na marudio, kama ndoa au mtoto kuhitimu, mimi huchagua hii, maana hakuna mtu atakayebonyeza vibaya akakifuta. DVD-RW hufutwa na kurekodiwa upya mara 1,000 hivi, inafaa kwa kujifunzia. DVD+RW nayo hufutika, na nafuu yake ni kwamba deki nyingi huisoma hata kabla ya kufungwa. DVD-RAM huvumilia kufutwa hadi mara 100,000, lakini deki nyingi za nyumbani hazina habari nayo. Kamera za mwanzo ziliitumia ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki. Usiitoe humo ovyo.

DL maana yake diski ina tabaka mbili upande mmoja, kwa hiyo inabeba GB 2.6 badala ya GB 1.4. Kamera nyingi za mwanzo haziitambui.

Diski za sentimita 8 zinazouzwa sasa nyingi zimekaa stoo miaka mingi. Nunua moja, rekodi dakika mbili, ifunge, ijaribu kwenye deki. Ikikubali, ndipo ununue pakiti.

Diski moja inachukua dakika ngapi?

Kwenye diski ya GB 1.4: takriban dakika 20 kwa ubora wa juu (HQ au XP, kutegemea kampuni), dakika 30 kwa SP (ubora wa kati), na saa nzima kwa LP (ubora wa chini). Ya DL inakaribia mara mbili ya hapo.

LP inavutia kwa sababu ya hiyo saa nzima, lakini nakusihi uikwepe. Picha ikiwa tulivu, mtu ameketi anazungumza, hutaona tatizo. Wakianza kucheza, kanga zikapepea na nakshi zake zote, picha inakatika vipandevipande vya mraba kama vigae vya sakafuni. Hakuna programu ya leo itakayorudisha nakshi ambayo haikurekodiwa.

Si ni afadhali simu yangu tu?

Kwa ukali wa picha, ndiyo. Kamera ya kawaida ya diski inatoa nukta 720 kwa 576, na simu ya bei ya chini inaipita. Kamera bado inashinda kwa kuvuta: lenzi yake inasogeza kweli, na unaweza kumchukua bwana harusi usoni ukiwa umekaa safu ya mwisho. Lakini anayeniuliza leo mara nyingi hataki kurekodi kipya. Anataka kukitoa kilichomo.

## Wakati wa kurekodi

Nikibonyeza inachelewa kuanza, na nikisimamisha taa inaendelea kuwaka. Ni mbovu?

Hapana. Ukiiwasha, diski lazima kwanza izunguke na isomwe, na sekunde hizo chache huwezi kuzikwepa. Kwa hiyo iwashe kabla bibi harusi hajafika mlangoni.

Ukisimamisha, kamera bado inaandika kilichobaki kwenye kumbukumbu yake ya muda. Taa iliyoandikwa ACCESS ikiwaka au kumetameta, usitoe betri, usifungue kifuniko, usiiweke mezani kwa kishindo. Betri ikitoka katikati ya kuandika, orodha ya vipande vilivyomo inaweza kubaki nusunusu. Likikupata hilo, usiguse kifuniko. Rudisha umeme, iwashe, uiache. Kamera nyingi hujaribu kuitengeneza diski zenyewe.

Naweza kurekodi nikiwa kwenye gari?

Kwenye lami, ndiyo. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo mwanga wa leza unapoteza mstari na kamera inasimama yenyewe. Vumbi nalo linaingia kila ukibadilisha diski, na halitoki.

Kuna mvumo kwenye sauti, kama nyuki aliye mbali.

Ni mota inayozungusha diski. Maikrofoni imekaa sentimita chache kutoka kwake, na kamera inaongeza usikivu pakiwa kimya, hivyo mvumo unasikika zaidi chumbani kuliko kwenye ngoma. Kama kamera yako ina tundu la maikrofoni ya nje, itumie. Kwa zilizokwisha kurekodiwa, Audacity, programu ya bure ya sauti, inaweza kuupunguza: ichagulie sekunde mbili za mvumo mtupu iujifunze, kisha uiambie iondoe. Usikaze sana, sauti za watu zitasikika kama zinatoka ndani ya mtungi.

Imeandika C:21 na imegoma. Ni nini?

Kwenye kamera za Sony, C:21 ni unyevu. Sisi wa pwani tunakutana nao zaidi ya wengine: kamera ilikuwa chumba chenye kiyoyozi, ukaitoa nje saa sita mchana, mvuke ukaganda ndani kama kwenye glasi ya maji ya barafu. Toa diski, acha kifuniko wazi kwa saa moja hivi, usikaushe kwa moto wala jua. Siku nyingine, kabla ya kutoka nayo, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hadi ipate joto la nje.

C:13 ni diski chafu, iliyokwaruzika, au ya aina isiyokubalika. C:32 inakutaka utoe umeme wote, urudishe, ujaribu tena. Herufi ikiwa E badala ya C, jaribu hiyohiyo mara mbili. Ikirudi, ni kazi ya fundi.

Betri haikai na chaji hata dakika tano.

Betri za lithiamu huzeeka hata zikiwa hazitumiki, hasa zikiachwa tupu kabisa kwa miaka. Tumia chaja moja kwa moja, kamera ikiwa imechomekwa ukutani. Kwa kazi ya kufunga na kunakili diski hauhitaji betri. Kwa kufunga diski, umeme wa ukutani ndio unaotakiwa. Ukipoteza chaja, soma volti na ampea chini ya kamera kabla ya kuazima ya mwingine. Plagi kuingia si ushahidi kwamba umeme unafaa.

## Kufunga diski

Kufunga diski ni nini, na kwa nini kila mtu analizungumzia?

Kwenye menyu limeandikwa Finalize. Kamera inaporekodi, inaandika vipande vya video pamoja na kumbukumbu zake za kazi, kwa mpangilio ambao yenyewe inauelewa. Deki ya nyumbani haiuelewi. Deki inataka orodha kamili ya yaliyomo, mahali pake maalumu, pamoja na alama za mwanzo na mwisho wa diski. Kufunga ndiko kuiandika orodha hiyo.

Diski isiyofungwa ni kama kitabu ambacho kurasa zimeandikwa zote lakini hazijashonwa. Maneno yapo, ila hakuna anayeweza kukisoma isipokuwa aliyeziandika. Ndiyo maana nasema kamera isitupwe. Kwa diski isiyofungwa, kamera ile ndiyo ufunguo.

Nafungaje?

Chomeka chaja ukutani, tia diski, ingia kwenye menyu ya diski, chagua Finalize, kubali. Kisha iweke mezani na uondoke. Usiishike mkononi, usiruhusu watoto wasogee.

Muda wake unashangaza: diski yenye kipande kifupi huchukua muda mrefu kufungwa kuliko iliyojaa, kwa sababu kamera inalazimika kujaza nafasi tupu hadi kiwango fulani. Ukiona dakika zinapita, usihofu wala usizime. Kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika, iache betri iliyochajiwa ndani yake huku chaja imechomekwa.

Nikishafunga naweza kuongeza?

Kwenye DVD-R, hapana, ndiyo mwisho wake. DVD-RW ya mfumo wa Video inaweza kufunguliwa tena kwa kamera (menyu huandika Unfinalize), ukaongeza, ukaifunga upya. DVD+RW na DVD-RW ya mfumo wa VR huongezewa bila kufunguliwa.

Angalia neno Format. Hilo halifungui chochote, linafuta kila kitu. Liko jirani kabisa na Finalize kwenye menyu nyingi, na yanaanza kwa herufi moja.

Kamera inaniuliza VIDEO au VR. Nichague ipi?

Chagua VIDEO kama diski itatazamwa kwenye deki za watu mbalimbali. VR inakuruhusu kufuta kipande chochote na kupanga upya ndani ya kamera, ila deki nyingi haziisomi hata ikiwa imefungwa. Uamuzi huu unafanywa mara moja, diski ikiwa mpya. Kuubadilisha ni kufomati.

Nimefunga, lakini deki yangu bado inasema hakuna diski.

Mambo matatu. Diski ndogo lazima ikae kwenye duara la ndani la trei, lile shimo dogo la katikati. Ikikaa pembeni haisomeki. Pili, huenda ni VR au RAM (tazama majibu ya juu). Tatu, deki zenyewe: nyingine husoma filamu za dukani bila shida na zinagoma diski za kurekodi, leza yake imechoka. Jaribu deki ya jirani kabla ya kuilaumu diski.

Kompyuta inasema diski ni tupu. Video zimepotea?

Karibu kila mara, hapana. Diski haijafungwa, na kompyuta haioni orodha ndiyo maana inasema tupu. Geuza diski uitazame kwa mwanga wa dirisha, upande unaong'aa: sehemu iliyorekodiwa ina rangi tofauti kidogo, pete iliyokoza kuanzia katikati. Ukiiona pete hiyo, kazi ipo.

Hapa ndipo msiba hutokea. Kompyuta ikishasema tupu, inapendekeza kuiandaa diski kwa matumizi, na mtu anakubali. Mwaka 2007 mjomba wangu alirekodi siku tatu za arusi ya binamu yetu kwenye DVD-RW. Miaka baadaye tuliipeleka moja kwa mtu wa kuhamisha video. Akaitia, ikaonekana tupu, akaifomati ili "iamke". Alikuwa na nia njema. Ndani yake bibi yetu alikuwa ameketi ukumbini na ungo, anapepeta mchele, hatazami kamera, anamwambia mjomba azime taa ya nje kwa sababu ni mchana. Nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye kioo kidogo cha kamera, siku ileile iliporekodiwa. Wakati tunaipeleka, kamera yenyewe ilikuwa nzima, juu ya kabati, na hakuna aliyefikiri kuichukua.

Kwa hiyo ukimpelekea mtu diski, peleka na kamera, na umwambie kwa mdomo: usikubali chochote kompyuta inachouliza.

Kamera imekufa na diski haijafungwa. Nifanyeje?

Tafuta kamera ya kampuni ileile, na ikiwezekana modeli ileile au ya karibu. Kamera ya kampuni nyingine mara nyingi itaikataa, au itajitolea kuifomati. Azima, usinunue kwanza. Kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kumenisaidia zaidi ya mara moja. Kila ukoo una mtu aliyeweka kamera kabatini.

Isipopatikana, ipo programu inayoitwa IsoBuster. Inaisoma diski sehemu kwa sehemu bila kutegemea orodha, na inatambua video za kamera hata zisipofungwa. Ni ya kulipia, lakini hukuonyesha kwanza kilichoonekana. Mafanikio yanategemea sana kiendeshi cha DVD: kimoja kitasema hakuna kitu, kingine kitaisoma diski ileile mwanzo hadi mwisho. Jaribu viwili au vitatu.

## Kuhamishia kwenye kompyuta

Laptopu yangu haina sehemu ya kutia DVD.

Nunua au azima kiendeshi cha nje cha USB, kile chenye trei inayotoka. Kamera nyingi pia zina tundu la USB, na diski husomwa ikiwa ndani ya kamera. Modeli nyingine huhitaji kikalio chake, kile kitako cha kuisimamishia kamera, ili tundu hilo lipatikane.

Naweza kuitia kwenye kiendeshi cha mwanya, kile kinachoimeza diski?

Usijaribu. Kimetengenezwa kwa sentimita 12. Diski ndogo itaingia na haitatoka, iwe ni kompyuta ya Apple ya zamani au redio ya gari.

Nimefungua diski nikaona folda na mafaili yasiyoeleweka. Nichukue lipi?

Kwa mfumo wa Video utaona folda VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP. Video imo kwenye VOB. Kila VOB haizidi GB 1, kwa hiyo diski iliyojaa huwa na mawili, na wengi huchukua la kwanza tu wakidhani la pili ni nakala. Matokeo yake arusi inakatikia kwenye hotuba. Nakili folda yote, isipungue kitu.

Ukiona DVD_RTAV, ni mfumo wa VR, na video yote imo kwenye faili moja la VR_MOVIE.VRO. VLC, programu ya bure ya kuchezea video, hulicheza. Likigoma, nakili kwanza, kisha badili mwisho wa jina la nakala kuwa mpg.

Nihifadhi kwa namna gani ili ubora usipungue?

Mimi huweka vitu viwili. Cha kwanza ni nakala kamili ya diski kama ilivyo, faili la ISO au folda nzima. Kwa diski isiyo DL haifiki GB 1.5, na kadi ya bei ndogo inabeba diski ishirini. Cha pili ni MP4 ya kutumia watu kwa simu, inayotengenezwa na HandBrake, programu ya kubadili video. Programu ya MakeMKV nayo huunganisha VOB zote kuwa faili moja bila kugusa ubora.

Unapotengeneza MP4, washa kichujio cha kuondoa mistari, kinachoitwa Deinterlace. Kamera hizi zilirekodi kwa ajili ya televisheni za kioo kinene, kila picha ikiwa nusu mbili zilizopishana. Usipokiwasha, mkono unaopunga utaonekana kama chanuo.

Usitume nakala pekee kwa WhatsApp ukadhani umehifadhi. Inabana video kabla ya kuituma, na kinachofika si ulichotuma.

Kamera ililetwa na shangazi kutoka Marekani. Kuna tofauti?

Ipo. Za Marekani hurekodi kwa NTSC, mistari 480 na picha takriban 30 kwa sekunde. Zetu za Afrika Mashariki, Ghuba na Ulaya ni PAL, mistari 576 na picha 25. Kwa Sony, modeli ya PAL huishia na herufi E. Kwenye kompyuta haina shida yoyote, acha kila moja ilivyo. Shida inakuja ukiwa na diski za aina zote mbili na unataka video moja ndefu. Hapo mwendo utakuwa na mishtuko midogo, na ni bora ziwe video mbili.

Diski imekwaruzika na kunakili kunakwama katikati.

Pangusa kwa kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe, mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoisumbua leza zaidi. Dawa ya meno ninayosikia watu wakiisifu inakwaruza; iache. Kama bado, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu: inaruka mahali pabaya, inachukua kilicho kizima, kisha inarudia pale palipogoma. Unaweza kupoteza sekunde chache badala ya diski yote.

## Kutunza diski

Zinadumu miaka mingapi?

Sitakupa namba, kwa sababu nimeona mbili za pakiti moja, nyingine ikiwa safi na nyingine imekufa. Kinachojulikana ni namna zinavyokufa. DVD-R imeandikwa kwenye rangi ya kikemikali, iliyobanwa katikati ya plastiki mbili za nusu milimita na kidogo. Jua na joto huichosha rangi hiyo. Unyevu hupenya kwenye ukingo pale plastiki zilipogundishwa. Kwa hiyo: gizani, pakavu, zisimame wima kwenye vikasha vyake, na kamwe zisikae kwenye dashibodi ya gari.

Usibandike karatasi yenye gundi juu ya diski. Diski ndogo ikizunguka haraka, hata kikaratasi kinaiyumbisha. Andika kwa kalamu ya felti yenye wino wa maji, na andika jambo lenye maana. "Arusi" haitoshi ukiwa na diski kumi na moja za arusi.

## Kesi zisizo za kawaida

Kamera yangu ni ya HD lakini inatumia diski hizihizi. Naweza kuitia kwenye deki?

Usiitie. Kamera kama Sony HDR-UX1 ya mwaka 2006 na Canon HR10 ya 2007 huandika AVCHD, mfumo wa video za HD, kwenye DVD ya kawaida, robo saa hivi kwa ubora wa juu. Deki ya DVD haiuelewi mfumo huo: inaweza kushindwa kuitoa diski, na deki ya kurekodi inaweza kuomba kuifomati. Itie kwenye mashine ya Blu-ray inayotaja AVCHD, au kwenye kompyuta, ambako utakuta folda BDMV. Nakili folda yote.

Nilisikia kuna iliyorekodi kwenye Blu-ray ndogo.

Ndiyo, Hitachi DZ-BD7H ya mwaka 2007. Diski yake ya sentimita 8 ina takriban GB 7.5. Kompyuta inahitaji kiendeshi cha Blu-ray. Cha DVD hakitaiona.

Nilifuta kipande kimoja kwenye -RW. Kinarudi?

Kama hujarekodi kitu juu yake, huenda. Acha kuitumia diski sasa hivi, toa, fuata jibu la IsoBuster hapo juu. Iliyofomatiwa kwa haraka nayo wakati mwingine inaacha video chini yake, lakini iliyofutwa kikamilifu haina tena kitu.

Nimepata mtu wa kuinunua kamera. Niiuze?

Kusanya kwanza diski zote, na zile zilizoko kwa mama mdogo na kwa kaka aliyehamia Mwanza. Tia moja moja kwenye kamera. Ambayo haijafungwa, ifunge. Nakili zote, fungua kila nakala utazame dakika ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Fungua kifuniko cha kamera uhakikishe haijabaki diski ndani. Mbili nilizowahi kuzipata zilikuwa humo. Baada ya hapo iuze, na umpe mnunuzi chaja yake.